Friza ya Jumuiya

Nyumba ninayopanga pale Langas ina vyumba viwili. Kimoja nalala, kile kingine kilikuwa cha friza. Sifanyi utani. Ilikuwa friza ile ya kufunguliwa juu, nyeupe, ndefu kama kitanda cha mtoto aliyekaribia kubalehe, na tangu ilipoingia humo ndani nikitaka kwenda nje nilikuwa napita kwa ubavu, tumbo nimelivuta ndani. Cherehani niliisukuma mpaka dirishani. Viti vya wageni nikavirundika kimoja juu ya kingine pembeni. Mimi ni fundi wa nguo, kazi naifanyia hapo hapo nyumbani, na fundi asiye na mahali pa kutandaza kitambaa afadhali auze nyanya.

Ilikuja baada ya kumzika mume wangu. Tulimpeleka kwao, upande wa Kakamega, tukamzika, nami nikarudi Eldoret kwa sababu wateja wangu wako Eldoret. Jumuiya yetu ya kanisa, yaani sisi majirani tunaosali pamoja kila wiki, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, ikakaa kikao bila mimi ikasema huyu mama tusimwache hivi hivi. Na kweli walikuwa na nia njema. Hapo ndipo waliponiweza. Mtu akikujia kwa ubaya unajua la kumfanya, unamfokea, unafunga mlango, unaenda zako. Hawa walikuja wakiimba.

Kuna mama mmoja kwenye jumuiya yetu ambaye anakaa Elgon View, kwenye yale manyumba ya ukuta mrefu. Ni mtu mkarimu sana, mkarimu mpaka unamkimbia. Alikuwa amenunua friji mpya, na friza yake ya zamani ilikuwa imekaa tu kwenye gereji, nzima kabisa. Akasema mjane apewe, aweke samaki, auze, ajitegemee. Samaki! Mimi nimeshona tangu nikiwa msichana, samaki namjua akiwa kwenye sahani. Lakini nani aliniuliza? Jumamosi moja nikasikia honi kwenye geti la ploti, nikachungulia, nikaona pikapu, akina mama wamejaa nyuma wanapiga makofi, na katikati yao friza imefunikwa leso kama bibi harusi.

Waliibeba wakaibana ikapita mlangoni. Wakachomeka kwenye soketi, taa yake ndogo ikawaka, wakapiga vigelegele. Katekista akaiwekea mkono akaiombea. Mimi nikalia, kwa sababu niliangalia chumba changu nikaona hakipo tena. Wakanikumbatia wakisema furaha imemzidi.

Kesho yake asubuhi mwenye ploti akanijia. Pale kwetu mita ya stima ni moja kwa wapangaji wote, tunachanga pesa za tokeni. Akasimama mlangoni, akaiangalia friza, akaniangalia.

“Mama, pole na msiba,” akasema. “Lakini hiyo kitu ikiwaka mchana na usiku hapa, hawa wengine watanitoa roho. Ikae tu, lakini usiwashe.”

Basi nikaichomoa. Haikuwahi kuona samaki hata mmoja. Nikaweka ndani vitambaa vya wateja na blanketi zangu, na niseme ukweli, panya hawakuvifikia. Hilo tu ndilo nililofaidi.

Sasa hebu fikiria, zamu ya sala ikifika kwangu. Jumuiya wanaingia, wanajipanga wanavyoweza, wengine nje barazani, na meza ya kuwekea msalaba hakuna kwa sababu meza niliitoa ili friza ikae. Kwa hivyo wanatandika kitambaa cheupe juu ya friza, msalaba katikati, mshumaa huku na mshumaa huku. Friza ikawa altare. Kisha tukimaliza sala yule mama wa Elgon View anaipapasa mgongo kama ng'ombe wake aliyemwazima mtu.

“Inaendelea vizuri?”

“Inaendelea, mama.”

Siku moja aliinama akaweka sikio kwenye kifuniko.

“Haina kelele hata kidogo,” akasema.

“Haina, mama.”

“Unaona? Hizi za zamani ndizo zilikuwa mashine. Hizi za siku hizi zinanguruma usiku kucha.”

Nikasema ndiyo, ni kweli, na msalaba bado uko pale juu haujaondolewa.

Kwa nini sikuiuza? Niliulizwa hivyo na dada yangu kwa simu, akipiga kelele. Ningeiuza vipi? Wiki ijayo zamu inaweza kuwa kwangu, wanaingia, friza hakuna. Ningesema nini? Zawadi imetolewa mbele ya watu wote, imeombewa, imepigwa picha na picha imezunguka kwenye simu za parokia nzima. Ningekuwa yule mjane aliyesaidiwa akaenda kuuza msaada. Jina hilo likikushika Langas, unahama.

Na kulikuwa na lingine lililoniuma kuliko nafasi ya chumba. Krismasi na Pasaka, kabla ya baraka ya mwisho, mwenyekiti wa jumuiya anasimama mbele na kusema, “Wajane wetu wasimame.” Tunasimama. Kanisa zima linageuka. Tunaitwa mbele tunapewa kila mtu unga na sukari, tunapigwa picha. Nasimama pale na pakiti ya unga kifuani, nikiangalia rinda alilovaa mwenyekiti, rinda nililolishona mimi, na mshono wa kiunoni ni safi, na nasema moyoni, huyu mtu amevaa kazi ya mikono yangu halafu ananitangaza kwamba sijiwezi. Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Halafu nikasema asante, kwa sababu ungesema nini?

Mama aliyenifundisha kushona alikuwa bado na duka lake kule Turbo, kando ya barabara ya kwenda Webuye. Macho yalikuwa yamemchoka. Alinipigia simu Kwaresima ilipoanza tu.

“Nafunga duka,” akasema. “Narudi nyumbani nikalime. Ile ovalok yangu nataka uichukue wewe.”

Nilikaa chini. Ovalok ni ile mashine inayokata ukingo wa kitambaa na kuushona kwa wakati mmoja, nguo isichomoke nyuzi. Bila hiyo hakuna shule inayokupa kazi ya yunifomu. Kulikuwa na shule moja upande wa Moi's Bridge iliyonipenda mkono. Mwalimu mkuu aliniambia wazi, “Mama, kushona unajua. Pata ovalok kabla muhula haujafunguliwa, kazi ni yako.” Sketi, mashati, kaptula, mwaka hadi mwaka. Ningelipa kodi yangu, ningekula jasho langu, na mwenyekiti akisema wajane wasimame ningekaa kwenye benchi nikamwangalia. Hicho tu ndicho nilichokuwa nataka. Kukaa.

Nikamuuliza mwenye ploti kuhusu stima. Akasema mashine ya kushona haina shida, inakula ukiikanyaga tu.

“Lakini ina meza yake pana,” mwalimu wangu wa Turbo akaniambia nilipompigia tena. “Uko na mahali?”

Nikaiangalia friza.

“Nipe muda kidogo, mama.”

“Sina muda wa kukupa, mwanangu. Kuna binti hapa anaiulizia kila siku. Lakini nataka iwe kwako.”

Jumapili iliyofuata, nafikiri ni Mungu mwenyewe, padre akatangaza mchango wa Kwaresima. Parokia inakusanya vyombo vya stima vya nyumbani, vilivyotumika lakini vizima, vipelekwe kwa makao ya watoto yatima upande wa Sugoi. Pasi, birika, redio, friji, chochote. Nani atakuuliza kwa nini umewapa yatima? Hata mama wa Elgon View mwenyewe atasemaje? Sikungoja hata kesho. Nilipofika nyumbani nilitoa vitambaa vyote na blanketi, nikaiosha friza kwa sabuni ndani na nje, nikasugua hata ile mipira ya kifuniko kwa mswaki. Nilikuwa naimba.

Niliipeleka kwa mkokoteni. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa vyombo: pasi zilizozungushiwa nyaya zake, blenda zisizo na vifuniko, zile televisheni nene za mgongo ambazo hakuna mtu anazitaka na kila mtu anaona vibaya kuzitupa. Fundi wa stima alikuwa amekaa hapo anachomeka kimoja kimoja. Alipochomeka yangu ikanguruma, nilikuwa nimesahau kwamba ina sauti, na watu wakageuka.

Mwenyekiti akaja mbio. “Kwani si hii ni ile tuliyokuletea?”

“Ndiyo,” nikasema. “Nataka na mimi nitoe. Natoa kwa moyo wangu wote.”

Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, kwa sababu machozi yalitoka. Haki ya Mungu yalikuwa ya furaha. Nililia kama mtu aliyevuliwa kiatu cha kubana. Lakini wao waliona mjane anaagana na friza yake. Mwenyekiti naye akalia. Mama mwingine akatoa leso akanipangusa. Nilipaswa kucheka, nilipaswa kupiga vigelegele, nilipaswa kuondoka pale nikikimbia.

Nilirudi nyumbani nikafungua mlango nikaona sakafu. Nilikuwa nimesahau ni ya rangi gani. Nikatandika kitambaa kizima cha khaki, chote, bila kukikunja mahali, halafu nikalala chini katikati ya chumba nikanyoosha mikono na miguu pande zote, mtu mzima mimi, nikabaki hivyo nikiangalia mabati. Kisha nikampigia mwalimu wangu.

“Ilete, mama. Mahali papo.”

Akasema itakuja Jumamosi na lori la mahindi linalopitia Turbo.

Jumamosi nilifagia mapema. Niliposikia honi kwenye geti nikatoka mbio bila viatu. Nikasikia makofi. Nikasikia wimbo, na ule wimbo nilikuwa naujua. Nikasimama pale pale barazani.

Ilikuwa ile ile pikapu, ile ile leso.

“Mama, shangilia!” mwenyekiti aliita kabla hata gari halijasimama. Akateremka, akanishika mikono, akaniambia kwamba watu wa makao wameshukuru sana, lakini wao wanatumia sola, na sola yao haiwezi kubeba friza. “Na hata ingeweza,” akasema, “sisi tulikaa tukasema, huyu mama ametoa kitu anachokitegemea, ametoa akilia, na sisi tuangalie tu? Tutakuwa watu gani?”

Mama wa Elgon View alinishika uso kwa viganja vyake viwili. Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu.

“Nilikuona ukilia,” akasema. “Sikulala. Na nimekuongezea birika ya stima.”

Nilisimama katikati ya mlango. Nilikuwa nimefungua mdomo, maneno yalikuwa tayari: mama zangu, asanteni, lakini sina mahali, kuna mashine yangu inakuja. Nilifika kwa “mama zangu.” Katekista akasema, “Tuombe.”

Sasa mtu akiomba unafanyaje? Unafumba macho. Nilifundishwa hivyo na mamangu, kwa kofi. Nikafumba, nikasogea kando kidogo kwa sababu mtu alinisukuma taratibu begani, na sala ikaenda, ikaenda, ikawataja marehemu, ikawataja yatima, ikaitaja serikali. Nilipofumbua macho friza ilikuwa ndani.

Lori lilifika mchana, jumuiya washaenda. Dereva alishusha ovalok na meza yake, akachungulia ndani, akacheka.

“Mama, hapa unataka niweke wapi? Kwa kichwa?”

Meza haikuingia. Tulijaribu kwa ubavu, tukajaribu miguu juu, wapi. Nikafikiri kumwambia airudishe Turbo, na yule binti anayeiulizia aipate. Lakini hapana. Nilimwita seremala wa pale nje akanikatia ubao, nikaulaza juu ya kifuniko cha friza. Fundi wa stima wa mtaa akaitoa mota chini ya meza, akaifunga na mashine yake juu ya ubao, pedali ikateremka hadi sakafuni. Ile meza tukaiacha nje ukutani, kuku wa jirani wakaihamia.

Friza ni ndefu kwenda juu, kiti hakifiki. Kwa hivyo nilishona nikiwa nimesimama, mguu mmoja umenibeba, mwingine uko kwenye pedali, mgongo umegusa ukuta. Yunifomu za Moi's Bridge nilizishona hivyo, zote. Miguu ilivimba, jioni naiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Na vitambaa vyangu nilivyokuwa nimevirudisha mle ndani sikuweza kuvitoa tena, maana kufungua kifuniko ni kwanza ung'oe mashine. Lakini kazi ilienda kwa wakati, na mwalimu mkuu akaniagizia ya muhula uliofuata. Pesa ikaanza kuingia, yangu, bila picha.

Pasaka mwenyekiti aliposema wajane wasimame, nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimeingojea hiyo siku. Akaniangalia, akatabasamu, akasema kwenye maiki, “Mama, usione haya, simama.” Kanisa likageuka. Aliyekaa karibu nami akanishika kiwiko akaniinua, kwa upendo kabisa. Nikasimama.

Mwezi uliofuata, katikati ya wiki, mama wa Elgon View akaja kunitembelea na rafiki yake, jirani yake wa huko huko. Nilikuwa mashineni. Walibanana mlangoni kwa sababu zaidi ya hapo hakuna pa kuingia.

“Si nilikuambia?” alimwambia rafiki yake, akininyooshea mkono kama mtu anayeonyesha shamba lake. “Huyu alikuwa hana kitu. Ona sasa, anashonea mashule. Na yote juu ya friza yangu.”

Kweli ilikuwa juu ya friza yake. Nikaikodolea macho kola niliyokuwa naishona.

“Mwambie, mama,” akasema. “Imekusaidia, haijakusaidia?”

“Imenisaidia, mama.”

Rafiki yake alikuwa mtu mzuri, ungependa kumshonea. Alinisikitikia waziwazi.

“Mimi niko na maikrowevu,” akasema. “Na friji ya kusimama, imekaa tu stoo, watoto wameenda ng'ambo. Jumamosi nitakuletea.”

“Hapana, mama,” nikasema. “Asante sana. Sina mahali.”

Niliisikia sauti yangu ikilisema hilo neno. Nililisema vizuri, bila kutafuna, na mashine nilikuwa nimeinyamazisha ili lisikike.

Mama wa Elgon View akacheka akanipiga begani kidogo. “Anakataa kwa heshima tu huyu. Hapendi kusumbua watu. Wewe leta.”

Ni kosa la nani? Kwetu ukikaribishwa chai unasema hapana, nimeshiba, na njaa inakuuma, halafu unamiminiwa. Hata mimi nikimkaribisha mtu akakataa namwekea sahani. Nikasema tena, “Kweli mama, nakataa.” Wote wawili wakacheka, na yule mgeni akasema, “Ana adabu sana.” Wakaenda.

Jumamosi nilikuwa na sketi za kumaliza. Nilisikia honi. Nilisikia makofi yakianzia getini, wimbo ule ule, viatu vyao kwenye kokoto. Sikutoka. Walifika barazani, maikrowevu imebebwa na mwenyekiti mikononi kama mtoto wa ubatizo, na nyuma yao niliona friji imesimama kwenye pikapu, ndefu, imevaa leso.

“Mama, shangilia!”

Sikuinua kichwa. Katekista akaja mbele, akavua kofia.

“Tuombe.”

Niliona vichwa vikiinama na macho yakifumbwa, wote, mama wa Elgon View wa kwanza. Mimi sikufumba. Mamangu anisamehe alipo. Nilikanyaga pedali.

Ovalok ina kelele mbaya ukiipa mguu wote. Katekista alipandisha sauti, nami nikakanyaga. Akapandisha tena. Sketi ikaisha, nikachukua nyingine. Sala ikakatika katikati, sijawahi kuona sala ikikatika, na nilipoachilia pedali palikuwa kimya mpaka nikasikia kuku kwenye meza yangu huko nje.

Mwenyekiti alikuwa bado ameikumbatia maikrowevu. Alichungulia ndani, akatazama ukuta huu na ukuta ule, na nafikiri ilikuwa mara yake ya kwanza kukiangalia kile chumba.

“Sasa, mama,” akasema polepole, “tuweke wapi?”

“Pamebaki hapa tu niliposimama,” nikamwambia. “Na hapa sitoki.”